Mkokoteni wa Lugembe

Maabara yetu ina kabati moja,
na ufunguo wake uliondoka na mwalimu aliyehamia Geita.
Kwa hiyo nilianza na kikombe cha chai
juu ya karatasi ya mtihani wa mwaka jana.
Nikaivuta karatasi, fyu!
Kikombe kikabaki. Chai ikatikisika kidogo tu
kama mtu aliyeitwa jina akiwa usingizini.
"Huu," nikasema, "ni ukaidi wa vitu.
Kilichokaa hupenda kukaa,
kinachokwenda hupenda kwenda,
mpaka kije cha nje kukisukuma."
Wakacheka. Wakaandika.

Nkwimba akanyoosha mkono,
Nkwimba wa Igogo, ambaye nyumba yao
imeegemea jiwe, na juu ya jiwe hilo jiwe jingine
kubwa kuliko darasa hili.
"Mwalimu, lile la juu nalo limekaa kwa ukaidi?
Bibi anasema alilikuta.
Lakini mvua ikinyesha mama halali."

Nikachora. Mshale wa chini: uzito.
Mshale wa juu: jiwe la chini likijibu.
Sawasawa kwa urefu, nilipima kwa rula.
"Kutulia si kukosa kani, Nkwimba.
Kutulia ni mafahali wawili waliotoshana."
Akaitazama mishale muda mrefu.
"Na mvua," akauliza, "inachorwa wapi?"
Nikasema msuguano, nikasema udongo,
kengele ikaniokoa.

Dawati la nyuma lilikuwa tupu wiki ya tatu.
Lugembe, walisema, yuko Mwaloni, Kirumba,
anasukuma dagaa.
Jumamosi nikashuka, hotuba nimeipanga kichwani,
nikamkuta kwenye mwinuko wa kutokea sokoni:
magunia kumi na mawili, kamba za katani,
ziwa nyuma yake likimeta kama halihusiki.
"Shikamoo mwalimu," bila kugeuka.
"Shika hapo nyuma."

Nikashika. Nikasukuma. Haukusogea.
Kiatu changu cha darasani kikateleza juu ya magamba ya sangara.
"Siyo hivyo. Kuanza ndiko kugumu.
Utikise kwanza, mbele, nyuma, mbele,
ukishakubali kuondoka haukusumbui sana.
Na miguu, mwalimu. Isukume ardhi kwa nyuma.
Ardhi ndiyo inayokupeleka mbele."

Ilikuwa sheria ya tatu,
ukurasa ambao hatukuwa tumeufikia.

Tulipokwisha kushusha, nikausukuma mkokoteni mtupu
kwa nguvu ile ile.
Uliruka! Ukanusurika kumgonga mama wa ndizi.
Mama akanitukana Kisukuma, kwa haki.
Lugembe akacheka hadi akakaa chini.
"Nguvu yako, mwalimu, ilikuwa inaliwa na magunia."

Hotuba nilisema nusu.
Walimlipa mbele yangu, elfu tatu,
elfu mbili akazikunja ndani ya soksi.
"Za Mhoja. Yuko darasa la sita."
Hapo nikaona mshale
ambao sijawahi kuuchora.

Alhamisi alikuja, saa nne na nusu,
dagaa mmoja amekaukia kwenye kola.
Sikumuuliza kitu. Nikampa chaki.
Akachora mkokoteni, magurudumu hayalingani.
Uzito. Ardhi ikijibu. Msukumo. Msuguano.
Kisha mshale wa tano, mrefu, wa kurudi nyuma,
akauacha bila jina.
"Huo wa nini?" Nkwimba akauliza.
Lugembe akapangusa vumbi kwenye suruali.
"Wa nyumbani," akasema, akaenda kukaa.

Kitabu kingesema mshale huo haumo.
Nikauwekea alama ya vema.

Mvua ikaanza kupiga bati, ikitokea upande wa ziwa.
Nkwimba akainua macho dirishani,
kuelekea Igogo, midomo ikihesabu.
Sikuufuta ubao.
Aliufuta mwalimu wa Jiografia, kipindi kilichofuata.