Hina ya Kitanda cha Tisa

Usiku wangu wa tatu, Ibra, wodi ya wanawake,
beji shingoni bado inanuka plastiki mpya,
mashine ya kitanda cha tisa ikaanza kulia.
Themanini na nne. Themanini na tatu.
Haya niliyakariri chuoni Maskati, ukurasa kwa ukurasa,
hewa ikishuka fanya hivi, kisha vile,
lakini miguu ilikwisha kukimbia
kabla kichwa hakijachagua pa kwenda.

Sista Zuwena alinikuta mlangoni.
Mtu wa miaka thelathini na moja kazini hakimbii,
ila viatu vyake vya mpira havisikiki,
unashtukia tu yupo.
"Mashine inasema nini?"
Nikamwambia.
"Na yeye je, anasema nini?"

Yeye, Bi Ghaniya, alikuwa akilalamika
kwamba chai ya hospitali haina iliki.
Midomo haina ubuluu. Maneno marefu, hayakatizwi na pumzi.
Zuwena akakileta kile kidole chini ya taa:
hina nyeusi tii, kuanzia ukucha hadi kiungo cha pili,
harusi ya mjukuu, Alhamisi iliyopita.
Akakibandua kibanio, akakivisha kwenye ndewe ya sikio,
pale palipotobolewa zamani na sasa hapaning'inii kitu.
Tukangoja.
Tisini na saba.

Nilitamani sakafu inimeze.

Chumba cha dawa, saa tisa na robo usiku.
Alinimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa
akanipa habari za mwaka wake wa kwanza:
nukta moja ya desimali, sindano moja,
mtoto wa watu kutoka Bidiya.
Hakufa, alhamdulillahi.
"Lakini mimi nilikufa kidogo siku ile,
na hakuna aliyenimiminia hata maji."
Kisha akazihesabu ampuli upya, mara mbili,
mbele yangu, kwa sauti.

Kabla ya alfajiri nikautafuta mshipa wa Bi Ghaniya.
Mikono ya wazee: mishipa yote huonekana, na yote hukimbia.
"Usiiwinde. Vuta ngozi kwa gumba. Tulia wewe, nayo itatulia."
Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, kisha haukuwapo,
wala sikujua uliondoka saa ngapi.
Damu ikachungulia kwenye mrija.

Bi Ghaniya, mzaliwa wa Tabora, aliyeletwa huku kigori,
akakiacha Kiarabu kando
akaniuliza kwa Kiswahili kile cha jikoni kwetu,
swali ambalo huku hutangulia jina:
"Na wewe, mwana wa nani?"
Jibu nilikuwa nalo. Kabila, babu, wilaya, vyote.
Nikamwonesha kwa kidevu
mwanamke aliyekuwa akipangusa trei.
"Wa huyo."

Zuwena hakuinua uso.
"Andika saa kwenye plasta," alisema.
"Umesahau saa."