Nimekuona Ulivyokaa

Nimekuona, Khuleta, jana arusini Langoni,
ulivyokaa kwa paja moja,
mkono tumboni chini ya buibui,
na kicheko ukikibana kwa meno
kama fundi aliyeshika pini mdomoni.
Nakijua kikao hicho.
Nimekikalia miaka tisa.

Wewe watoto watano, mimi saba.
Wa mwisho alipotoka
nyuma yake kitu kikabaki mlangoni,
nikisimama kinashuka, nikilala kinarudi.
Mama alikiita maradhi ya kike,
akatia komeo.

Nikaacha ndoo. Nikaacha kwenda Shela kwa miguu.
Nikaacha tarawehe, maana udhu haukai:
rakaa ya pili, nikirukuu, najua umekwenda.
Nikahama kitanda cha Shekuwe,
nikamwambia joto.
Joto, Khuleta, na kusi inavuma!

Kwanza walinitia pete, ya mpira.
Nikacheka peke yangu:
ya dhahabu ni ya mume, hii ya nani?
Ikakaa mwaka, ikachoka,
ikashuka nacho.

Operesheni sikuilia. Nililia baadaye.
Wanakwambia usibebe, usichuchumae,
usikohoe kwa nguvu, wiki sita.
Hawakwambii kwamba utaamka saa nane za usiku
ukilia kilio kisicho na maiti.
Mshono umekauka, daktari amefurahi,
majirani wanaleta uji na pongezi,
nami natamani kumpiga mtu teke.
Nilitembea kama niliyefungasha mayai.
Shekuwe akinigusa bega, nikawa gogo.

Nilikuwa nalilia nini?
Miaka tisa, labda.
Yule mwanamke aliyefua vitambaa gizani
kabla nyumba haijaamka,
akijiita mchafu kila alfajiri.
Alikuwa mimi,
na sikumtetea hata siku moja.

Aliyeuliza ni Dada Mbodze wa kliniki.
Aliisoma karatasi, akaiweka kando:
"Huku chini pamepona. Huko juu je?"
Nikamwambia, huko juu hapajashonwa.
Akavuta kiti. Hakuwa na haraka.
Nilirudi kwake mara nne,
mara ya tatu sikusema neno,
naye hakunihesabia.

Siku hizi nadarizi tena kofia.
Unaijua kazi yake: vitobwe mia na mia,
kila kimoja ukizungushie uzi kisichanike.
Kabla ya haya nilidarizi nimelala ubavu.
Sasa nakaa hadi chai inapoa.
Sikudanganyi, ziko siku panavuta,
ziko siku naiogopa hata ndoo nusu.
Na kitandani nimerudi, lakini polepole,
Shekuwe anabisha hodi kama mgeni,
jambo ambalo, nikwambie, halinichukizi.

Juzi punda wa Fumo aliingia ukumbini kwetu
akatafuna ukili wa mkeka mpya,
akatutazama kama sisi ndio tuliokosea.
Nikacheka. Mdomo wazi, mbavu zote.
Kisha nikanyamaza, nikangoja.
Hakikushuka kitu.
Machozi tu.

Basi Jumatatu usiniambie una wageni.
Nitapita saa mbili, baada ya chai.
Hatutasema twenda wapi.
Tutachukua kikapu kitupu
watu wadhani ni sokoni.
Nitakibeba mimi.