Faili Tupu

Saa nane mchana, Mabela, mwezi wa saba.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi
na shangazi Shinuna amekunja mikono:
"Ulisema Linux haifi."

Haijafa, shangazi. Tazama,
naiita ruta, inaitika.
Naita nane nukta nane nukta nane nukta nane, huko ng'ambo,
jibu linarudi kabla sijapepesa jicho.
Njia ipo. Waya mzima.
Ila nikiandika jina, jina lolote,
kimya kirefu, kisha: halijulikani.

"Basi imesahau watu."
Watu inawafikia. Imesahau majina,
kama tarishi mwenye baiskeli nzima
asiyejua nani anakaa wapi.

Nafungua resolv.conf.
Mstari mmoja wa onyo, usihariri faili hili kwa mkono,
na chini yake weupe
kama sahani iliyolambwa.

Nikahariri kwa mkono. Nani ataniona?
Nikaandika anwani ya seva, nikahifadhi,
Mahfudha wa Wete akatokea, nusu uso, nusu dari.
Shangazi akapiga kigelegele kidogo, cha adabu,
majirani wasije wakadhani tumeposwa.
Nikazima, nikawasha, nionyeshe ubingwa.

Tupu.

Mara tatu hivyo. Chai ya maziwa ikaota ngozi.
Nilichokuwa nikiandika ni mate juu ya bati:
kuna mkono mwingine, kila mashine ikiamka,
unafuta na kuandika upya kile ulichoagizwa,
na ulikuwa umeagizwa: usiandike kitu.

Nani aliagiza?
Shangazi akaangalia ndoo.
"Thuwaini. Nilimwambia awafungie watoto zile video.
Kisha wakalia, nikamwambia aondoe."
Akaondoa namba, akasahau tiki:
usiisikilize ruta, nisikilize mimi.
Na yeye akarudi kazini Suhar, hana la kusema.

Nikaitoa tiki. Nikaongeza na ya akiba.
Nikazima, nikawasha. Safari hii tulingoja wote wawili,
mikono imekunjwa.

"Sisi tulipohamia hapa," akasema, skrini bado nyeusi,
"nyumba hazikuwa na namba. Ukiuliza,
unaambiwa: mlango wa kijani, yule mama wa Kiswahili.
Tulikuwa na majina, namba hatuna. Na wageni walifika."

Sikuwa na jibu. Mahfudha alikuwa nalo,
dari yote safari hii, na sauti: "Mlikuwa mmelala?"

Nilipokuwa nafunga begi nikamwona shangazi
mbele ya kalenda ya duka la halwa,
kalamu mkononi. Kati ya fundi bomba
na muuza samli wa Barka
ameziandika nane zote nne,
na pembeni, kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili:
Anayewajua watu.
"Akipotea tena," akasema, "nitampigia mwenyewe."