Mwezi wa Nne

Kodi ya miezi sita nililipa kwa mkupuo.
Bi Somoe akalowesha kidole, akahesabu,
akaandika kwenye karatasi ya daftari:
Imepokewa. Mpaka Desemba.

Leo ni Oktoba. Mnada wa kwanza umepita,
Masasi nzima inataja bei ya korosho,
naye yupo mlangoni, kanga begani:
"Mwanangu, vyumba vyote Mkuti vimepanda.
Ongeza elfu ishirini kila mwezi."

Nikamtolea risiti.
Akausoma mwandiko wake mwenyewe
kama barua ya mtu asiyemjua.

"Haya. Januari, basi."

Usiku nalala macho, napiga hesabu:
kitasa nilinunua mimi,
chokaa nilipaka mimi,
Januari ni yake.
Lakini hata mbu wa Novemba
nimeshawalipia.