Namba ya Pua

Wosia wa babu yake Bi Mwanamtama
uliletwa dukani kwangu, Barabara ya Kumi na Nne,
ndani ya mfuko wa sukari.
Nichapie, alisema, mahakama haisomi mkono.

Herufi za Kiarabu, maneno ya Kitanga:
"Mjukuu wangu namwachia"
kisha kafu, wau, be.
Kobe, au kombe?

Watu wa chuoni hawakuandika pua.
Waliandika chuba, ukalala chumbani,
waliandika buzi, ukamchinja mbuzi;
pua ulikuja nayo mwenyewe kutoka kwenu.
Ila huyu mwalimu Shekigenda alikuwa na wasiwasi.
Juu ya be aliweka kipinde
chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.
Nimekimulika kwa simu. Ni wino, si mavi ya nzi.

Basi ni kombe, la shaba, na lipo kabatini kwa kaka zake,
ambao husoma kobe
na wanasema kobe alishakufa.

Nilipofika pale, kompyuta ilinipa kisanduku kitupu.
Kipinde hakina namba, na kisicho na namba
mashine haikijui hata ukiiapia.
Nibandike picha? Picha ni doa lililovaa nguo.

Nikawaandikia wagawaji wa namba.
Walijibu kwa adabu: umbo tumeliona,
leta mkono wa pili.
Huko mbali Wachakma alama yao ya pua wanayo,
mwezi mwandamo umepakata nukta,
ina namba, inapita simu hadi simu
bila kushikwa na mafua.
Sikuona wivu. Kidogo tu.

Mkono wa pili tuliupata Mabokweni,
kwa wajukuu wa mwanafunzi wake,
kwenye daftari la madeni: tembo, vibuyu viwili,
na kipinde kimekaa juu ya be, safi, hakina ubishi.
Wakalifunga daftari.
Marehemu alikuwa imamu, walisema. Hukuona kitu.

Nikachapa hivyo hivyo, kisanduku mahali pake.
Hakimu akaweka kidole: hapa pana nini?
Bi Mwanamtama akafumba midomo,
akakijaza.