Hakurudisha?

Mama aliipiga pasi bahasha.
Noti pia, moja moja, juu ya taulo,
kwa moto mdogo, kama kola za Pasaka.
Lei mia tano: ndiye nguruwe wa Krismasi
aliyeuzwa mwezi wa tisa, bado mwembamba.

"Usimpe mkononi," aliniagiza kwenye basi la Suceava.
"Mfuko wa koti, wa kushoto. Huwa uko wazi kidogo.
Wala usitaje pesa. Sema: kahawa."
Alijua. Alijifungulia hospitali ile ile mara tatu,
na bei ya kila mmoja wetu anaikumbuka:
mimi nilikuwa kuku wawili na sabuni ya ng'ambo.

Daktari Hriscu, kijana, kucha fupi,
alinidaka kifundo cha mkono
mfuko ukiwa umbali wa inchi.
"Hapana. Mshahara ninao."
Akatabasamu, akahamia kitanda cha pili.

Mama akawa rangi ya shuka.
Akatazama dari,
penye doa la maji lenye umbo la kiatu.
"Basi nakufa," akasema. "Daktari hali cha maiti.
Ya Vasilica waliikataa pia. Jumapili tukamzika."

Nikamkimbilia koridoni, mimi, mwalimu wa hesabu,
niliyebeba bango uwanjani kulaani rushwa,
nikamsihi mtu mwadilifu ale rushwa:
ichukue mbele yake, utanirudishia ngazini.
Mashine ya kahawa ilikoroma, ikanyamaza.
Akarudi wodini, akautega mfuko.
"Asante kwa kahawa, mama Eufrosina,"
masikio yamemwiva.
Mama alilala hata kabla ya sindano.

Ngazini alinirudishia bila neno.
Bahasha bado imenyooka.
Ila jengo lina ghorofa tano, na mkono mtupu haulambwi:
hamsini kwa mwenye lifti, iliyokuwa mbovu mpaka alipoiona noti;
mia kwa msukuma kitanda, ili kwenye kona asigonge ukuta;
mia mbili kwa muuguzi wa usiku,
aliyezihesabu mfukoni kwa kidole gumba, macho dirishani.
Ishirini nikampa mfagiaji.
Hakuomba. Mkono wangu ulikwisha kuzoea njia.

Alfajiri mama akafumbua jicho moja.
Hakuuliza nyonga, hakuuliza saa.
"Hakurudisha?"
"Hakurudisha."
Akapapasa shuka kifuani,
akaanza kulinyoosha kwa kiganja,
polepole, kama lenye joto.