Pambizo

Kitabu kilikuja kwa meli, kisha juu ya kichwa cha mpagazi,
kimeshapigwa mistari huko kwao Uingereza:
safu ya namba, safu ya siku, jina la ubatizo,
jina la baba, kazi ya baba,
saini ya kasisi.
Aliyeipiga ile mistari
hakuwahi kulala usiku mmoja chini ya Rwenzori
akisikia mto Mpanga ukisukuma mawe.

Kila Jumapili, ngoma ikishanyamaza,
Kasisi Hathersall aliketi mlangoni mwa kanisa la matete,
miguu juu ya sanduku la kinanda, siafu wasimpande,
na kando yake Nasani Bagonza, msomaji,
baba yake bibi yangu,
kalamu ya wino mkononi, penseli sikioni.

"Baba yake hufanya kazi gani?"
Alikuwa akileta chumvi toka Katwe, akasema mama,
mpaka mguu ulipovimba.
"Mkulima," akasema Kasisi, maana safu ilikuwa nyembamba.
Na huyu? Hupuliza zumari mazishini. Mkulima.
Na huyu? Alikufa mwaka wa nyota yenye mkia,
kabla mtoto hajacheza tumboni.
Kalamu ikasita.
Mkulima.

Basi parishi nzima ililima, kwa mujibu wa kitabu,
hata mhunzi, hata Kaahwa wa mizinga ya nyuki,
hata wafu.

Lakini hapakuwa na safu ya empaako,
lile jina tunalomwitia mtu tukitaka asikie kweli,
jina la kumpokezea maji, la kumwombea radhi,
la kumwamkia hata mke wa adui
bila kuuchafua mdomo.
Mtoto hupewa kabla hajamaliza juma, kwa ugali wa wimbi,
mashangazi wakigombana kwa sauti ya chini.
Nasani aliuliza, kwa adabu, tuliandike wapi.
Kasisi alicheka, si kwa ubaya.
"Hilo ni la nyumbani, Nasani."
Ndipo akachomoa penseli sikioni
na pambizoni, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
akaandika: Abwoli. Ateenyi. Apuuli. Abwoli tena.
Bibi Hathersall aliona.
Akageuza uso, akaanza kuhesabu vitabu vya nyimbo
alivyokwisha kuvihesabu.

Mwaka wa mvua ya mawe paa liliingia ndani.
Kinanda kilikunywa maji, kikatoa sauti moja tu hadi Krismasi,
na kitabu kililala siku tatu dimbwini.
Kasisi alikianika juani, ukurasa baada ya ukurasa,
kila mmoja na kokoto lake.
Wino ulikuwa umekwenda.
Yonasani, Keziya, Damali, namba, siku,
saini yake mwenyewe,
na wakulima wote wale
walikuwa wingu moja la samawati.

Penseli haikuguswa.

Nimekishika leo, kwenye stoo ya kanisa la matofali,
kati ya viti vilivyovunjika na taji la karatasi la mamajusi,
natafuta siku aliyozaliwa bibi
kwa sababu ofisi ya ardhi inataka ushahidi.
Kuna akina Abwoli tisa. Bibi alikuwa Abwoli.
Mmoja umekandamizwa hadi karatasi imetoboka.
Naweka kidole hapo. Sina hakika ya lolote.
Najua karani atauliza nini:
jina kamili, tarehe,
na kazi ya baba.

Nje, mama anayefagia majani ya mkalitusi
ananiona nimesimama na vumbi hadi viwikoni.
Hanijui; mimi si mtu wa huku tena.
Anaegemeza ufagio ukutani, anafuta mkono kwa leso.
"Empaako yako?" anauliza,
kabla ya habari,
kabla ya umetoka wapi na unatafuta nini.